Hodi ya Tatu

Nimeandika maelezo ya viumbe mia moja na kumi na sita wa baharini, wote wadogo kuliko chembe ya vumbi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisalimia. Wa mia na kumi na saba alinisalimia Jumatatu asubuhi, saa tatu kasorobo, Khatibu akiwa na mkate mdomoni.

Mimi ni mtambuzi wa Kituo cha Tundwe, Pemba. Natazama tone la maji ya bahari, namtafuta aliyemo, nampima, namchora, nampa jina, kisha namwandika kwenye Daftari la Viumbe. Watu hudhani ni kazi ya watu wapole. Wanaodhani hivyo hawajawahi kuujaza ule mstari wa mwisho wa maelezo, unaoitwa Asili. Pale huandikwa moja kati ya mawili: wa bahari, au wa mkono. Wa bahari huachwa aishi. Wa mkono, yaani aliyetengenezwa na watu akatoroka, humwagiwa Fagio, dawa inayompasua yeye na ndugu zake wote ghuba nzima kwa siku moja. Nimekwisha kuandika "wa mkono" mara ishirini na tisa, na kila mara nilikwenda zangu nyumbani nikala vizuri.

Khatibu Faki ni fundi wa kituo. Tumezeeka pamoja humu ndani, na ndiye mtu pekee anayeweza kunitania kabla sijanywa chai. Yeye ndiye aliyetengeneza kipaza mapigo. Viumbe hawa huogelea kwa mijeledi, nyuzi mbili nyembamba zinazopiga haraka mno jicho lisizione. Kipaza huyasikiliza mapigo hayo, huyapunguza kasi na kuyatoa kama sauti. Kila spishi ina mlio wake. Wapo wanaovuma kama cherehani, wapo wanaotetema kama kifuniko cha sufuria juu ya moto. Mara nyingi nimemjua kiumbe kwa sikio kabla ya kumwona.

Tone la siku ile lilichotwa kwenye hori la Tundwe, mkono mwembamba wa bahari ulio mbele ya kituo, chini ya nguzo za lile Jukwaa la kulimia mwani lililovunjika zamani. Nililiweka kwenye kioo cha hadubini, nikaona seli kama arubaini zimetuama chini, zimekunja mijeledi, zimelala. Khatibu akawasha kipaza.

"Hodi."

Kimya kidogo.

"Hodi."

Kimya tena, kisha mkwaruzo, kama mtu anayesafisha koo. "Hodiii, wenyewe."

"Karibu!" akasema Khatibu, mkate mdomoni, bila hata kugeuka.

Simlaumu. Hodi haiachwi hewani. Mtoto wa kwetu hujua kuitikia karibu kabla hajajua kutembea, na ukimwamsha Khatibu usingizini kwa hodi atakukaribisha macho yamefumba. Ila alipogeuka kumtazama mgeni, mlangoni hapakuwa na mtu. Mimi jicho langu lilikuwa kwenye hadubini. Niliona seli zote arubaini zikiinuka kutoka chini kwa pamoja, na kila moja ikageuza doa lake jekundu kuelekea juu, kwangu.

"Ahsante, mwanangu," kikasema kipaza. "Umekula?"

"Bi Raya," Khatibu akasema taratibu, "mlangoni hakuna mtu."

"Najua."

"Basi huyu nani?"

Nikanywa maji. "Huyu ni Mize binti Hamadi," nikasema. "Huyu ni mama yangu."

*

Wa umri wangu hawahitaji kuelezwa habari za punje. Wadogo nitawaeleza.

Zamani, mtu aliyefanya kazi baharini alitiwa punje nyuma ya sikio: seli hai, zimefumwa na mafundi, ndogo kama punje ya mtama. Punje ilijifunza sauti ya mwenyewe na maneno aliyoyazoea. Wanawake wa Jukwaa walitiwa ili wasikilizane kwenye ukungu. Lakini watu ni watu. Mtu akifa, jamaa zake walianza kuitoa punje na kuiweka kwenye kikombe cha maji ya bahari. Punje ingelala. Kila baada ya muda ingepiga hodi tatu. Ukiitikia karibu, ingeamka na kusema nawe kwa sauti ya marehemu. Usipoitikia, ingekunja mijeledi na kulala tena. Vikombe vilijaa rafuni. Ikafika mahali watu hawatoki majumbani, wala misiba haiishi, mpaka punje zikapigwa marufuku.

Mafundi walikuwa na msemo wao: punje haina akili, ina mazoea. Nimeurudia msemo huo maisha yangu yote, na nilikuwa nikiuamini.

Jukwaa la mwani lilivunjika nikiwa na miaka kumi na tisa. Walikufa wanawake arubaini na watatu, na waliopatikana ni sita. Mama hakuwamo katika hao sita. Hatukumzika, wala hatukuwa na punje yake. Baba aliweka kikombe kitupu rafuni, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Na sasa, baada ya miaka thelathini na miwili, alikuwa kwenye kioo changu. Hodi ile ilikuwa yake, na ule mkwaruzo kabla ya ya tatu ulikuwa kifua chake kilichoharibiwa na vumbi la mwani mkavu. Mama alikuwa mtu wa adabu mno. Aliweza kutembea nusu saa na bakuli la mchuzi kumpelekea dada yake, akapiga hodi tatu, asipojibiwa akarudi na bakuli lake. "Hodi ni tatu," alikuwa akisema. "Ya nne ni ukorofi."

Nilianza kuandika maelezo siku ileile, kwa sababu kuandika ndiko ninakokujua.

*Seli moja, umbo la mbegu ya tikiti. Urefu mikroni 14 hadi 17, upana 8. Mijeledi miwili: wa mbele mrefu, mara mbili ya mwili, wa nyuma mfupi, huburuzwa. Doa moja jekundu, karibu na shina la mjeledi wa mbele. Chembe mbili za kijani ubavuni. Ikilala hutuama. Mapigo ya kuamka matatu. La tatu refu, hutanguliwa na mkwaruzo.*

Zile chembe za kijani ndizo zilizonisumbua. Punje hazikuwa nazo. Punje zililishwa kwa damu ya mwenyewe. Hizi zilikuwa zimejifunza kula jua. Miaka thelathini na miwili zilikuwa zimejitafutia maisha, zikazaana, zikabadilika, na katika vizazi vyote hivyo hazikuisahau hodi.

*

Sheria ya kituo ni moja na iko ukutani, imeandikwa na mkono wangu mwenyewe: KILA TONE LILILOTAZAMWA LITIWE IODINI. Matone mawili ya iodini na kiumbe hufa papo hapo. Hufanywa hivyo ili tulichokiamsha au kukilisha sisi kisirudi baharini.

Siku ya kwanza nilishika kitone, kile kibomba cha kudondoshea iodini, juu ya kioo, mama akasema, "Funga mlango, mbuzi wataingia." Nikakirudisha kitone mahali pake. Nilimimina lile tone kwenye chupa ya maji ya bahari. Jioni nilibeba chupa mpaka mwisho wa gati la kituo, nikaimwaga horini.

Nilifanya hivyo siku kumi na moja.

Kila asubuhi nilichota tone jipya, nikavaa visikizio ili Khatibu asisikie, nikangoja hodi tatu, nikaitikia. Maneno yake hayakuzidi ishirini, na niliyajua yote kufikia siku ya nne. Umekula. Funga mlango. Nywele zako hizo. Nakuja Alhamisi. Hilo la mwisho ndilo aliloniambia mara ya mwisho nilipomwona, na hakuja. Nilikuwa nikilia na kucheka pale mezani, mtu mzima wa miaka hamsini na moja. Nilimwambia habari za harusi yangu na za talaka yangu. Aliniuliza kama nimekula.

Niliona kwamba seli zilizoitikiwa huzaana haraka, kila baada ya saa sita. Niliona pia kwamba zikiamka hutoa kitu ndani ya maji, kitu kinachowafanya wadudu wengine wa kwenye tone wakakamae. Niliyaandika yote mawili, kwa mwandiko mzuri, na tarehe. Nilijua ninachokiandika. Sikutaka tu kujua ninachokijua.

*

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, nilikuwa na visikizio masikioni. Hodi ya kwanza. Hodi ya pili. Kabla sijasikia mkwaruzo, nilisikia hodi nyingine, ya juu zaidi, kama inatoka mbali. Nikadhani seli zimegawanyika makundi mawili. Lilinivutia jambo hilo, nikaongeza sauti ya kipaza. Ikaja tena ile ya mbali, na tena.

"Karibu, mama," nikasema. "Karibu."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Bi Nachia, jirani yetu wa upande wa hori, mwanamke wa miaka sabini anayechuma chaza mpaka leo. Alifanya kazi Jukwaani na mama, na siku lilipovunjika yeye alikuwa nyumbani na homa. Mikononi alimbeba mjukuu wake Sitti, miaka sita, miguu inaning'inia.

"Midomo imemfa ganzi," akasema. "Amekula chaza asubuhi. Anasema hausikii ulimi. Raya, sasa miguu nayo."

Nikavua visikizio. Waya ukachomoka, na kipaza kikasema kwa sauti ya chumba kizima, "Ahsante, mwanangu. Umekula?"

Bi Nachia alisimama. Alikitazama kipaza, akanitazama mimi, na usoni mwake yakapita mambo ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari lolote. Lakini mtoto alikuwa mikononi mwake. "Gari," akasema. "Leta gari."

Khatibu alikwishachukua funguo. Njiani nilikaa nyuma na Bi Nachia, kichwa cha Sitti mapajani mwangu, nikihesabu pumzi zake kama ninavyohesabu mapigo ya mijeledi. Kumi na nane kwa dakika, kisha kumi na tano, kisha kumi na moja.

"Chaza mmewatoa wapi?" nikauliza.

"Pale gatini kwenu. Wamenona mwezi huu."

Nikarudi kuhesabu pumzi.

Bi Nachia alikuwa akitazama nje. "Nimepiga hodi tatu," akasema bila hasira, na hasira ningeiweza zaidi. "Nikakusikia ndani unasema karibu. Nikashukuru Mungu. Kumbe karibu ile haikuwa yangu."

*

Hospitali ilimpokea Sitti na kumtia kwenye mashine ya kupumua. Daktari alisema sumu hii haina dawa. Mwili huitoa wenyewe, na mashine humshikilia mtu mpaka itoke, kama moyo utakubali kungoja. Bi Nachia akabaki. Mimi na Khatibu tukarudi kituoni kwa sababu maelezo yalikuwa yanatakiwa saa sita ya siku ya pili, na bila maelezo hakuna anayeruhusiwa kufanya lolote horini.

Khatibu alichemsha chai. Hakuinywa.

"Yale maji ya chupa," akasema, "uliyatia iodini?"

"Hapana."

"Uliyapeleka wapi?"

"Horini."

"Siku zote?"

"Siku zote kumi na moja."

Alikaa kwenye kiti kama mtu aliyeambiwa msiba. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningempenda zaidi. Badala yake akasema, "Mimi ndiye niliyeitikia mwanzo."

"Wewe ulikosea kwa adabu. Mimi nilifanya kwa kujua."

Akavuta karatasi ya maelezo. Mistari yote ilikuwa imejazwa isipokuwa ule wa mwisho. Akauwekea kidole. "Andika wa bahari," akasema.

"Khatibu."

"Nisikilize, yakhe. Mtu mamake wa Chake, yeye kazaliwa Wete, kakulia Wete, kaoa Wete, utamwita wa wapi? Hawa wana miaka thelathini na miwili majini. Wamezaliwa humo, wanakula jua. Fundi gani aliyewatia chembe za kijani? Hakuna. Bahari ndiyo iliyowatia. Ukiandika wa bahari husemi uongo."

"Na hori?"

"Litafungwa. Mwaka, miaka miwili. Watu watachuma kwengine."

"Wapi kwengine? Bi Nachia ana miaka sabini."

Akasema kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipojua kwamba ananihurumia kweli, "Ukiandika wa mkono, watauliza wameamkaje. Utapoteza kazi. Na Fagio likimwagwa, mamako atakufa mara ya pili, kwa kalamu yako."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Nilikwenda dirishani. Maji ya hori yalikuwa safi, ya kijani kidogo kuliko mwezi uliopita, na mtu asiyejua angesema yamependeza. Kila chozi nililolia siku zile kumi na moja lilikuwa humo, limezaana kila saa sita. Nilimwaza Baba na kikombe chake kitupu. Alikuwa na haki ya kukichukia kikombe kile kila siku, lakini hakukijaza kwa pumzi ya mtoto wa mwenzake.

Mama hakunipigia hodi mimi. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Alikuwa akimpigia yeyote. Aitikie Khatibu, aitikie mbuzi kama mbuzi angejua kusema karibu, Mama angemuuliza kama amekula. Ila lile neno "umekula" alikuwa amelisema mara nyingi sana alipokuwa hai, kwangu mimi, mpaka seli zikalishika na bahari ikashindwa kulifuta. Hayo yalikuwa mapenzi, hata kama yaliyobaki yake ni mazoea tu. Na mwenye mapenzi hayo asingekubali mtoto yeyote ale chaza wale.

"Nipe kioo," nikasema. "Nataka sampuli ya jina."

*

Kila spishi ina sampuli ya jina: kiumbe mmoja aliyeuawa na kuhifadhiwa, ambaye jina limefungwa kwake daima. Akitokea mtu baada ya miaka mia akataka kujua nilimaanisha nini, atamtazama huyo. Kwa kiumbe huyu sampuli lazima iwe ambayo haikuitikiwa, kwa sababu zilizoitikiwa huvimba na vipimo huharibika. Na mijeledi hupimika wakati mmoja tu, inaponyooshwa kwa hodi ya tatu. Baada ya hapo huikunja.

Khatibu alisema, "Nitakaa mimi. Wewe toka nje." Nikakataa. Akasema, "Basi nizime kipaza."

"Kiache," nikasema. "Mtu akikupigia hodi na huwezi kumfungulia, angalau msikie."

Nilishika kitone cha iodini kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nilijiziba mdomo, kwa sababu sikuuamini.

"Hodi."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Khatibu aliinamisha kichwa na midomo yake ilikuwa inatikisika. Sijui alikuwa akisoma dua au akiizuia karibu.

"Hodi."

Niliwaza bakuli la mchuzi. Niliwaza jinsi lilivyokuwa likirudi nyumbani limepoa, na Mama akalipasha moto bila kinyongo, akasema wenyewe hawapo, tutakwenda kesho.

Mkwaruzo. Mijeledi ikanyooka, mirefu, mizuri, nikaipima: mikroni 31 wa mbele, 12 wa nyuma.

"Hodiii, wenyewe."

Niliuma kiganja mpaka nikasikia ladha ya damu. Kipaza kikakaa kimya. Nilingoja ya nne. Nakiri nilingoja. Kama angepiga ya nne, ningeitupa iodini dirishani na kuandika wa bahari kwa herufi kubwa. Lakini Mama hakuwahi kuwa mkorofi. Mijeledi ilianza kukunjika taratibu, kama mtu anayekusanya buibui lake kuondoka mlangoni, na hapo nikabonyeza.

Tone likageuka rangi ya chai.

Niliandika nikiwa bado naona vizuri. *Jina: Hoditatu ya Tundwe. Sampuli ya jina: kioo namba 117. Asili: wa mkono.* Chini, penye nafasi ya maoni ya mtambuzi, niliandika kwamba seli zilizokuwa zimelala ziliamshwa na kurudishwa horini na mimi, Raya Makame, siku kumi na moja, kinyume cha sheria niliyoiandika mwenyewe. Nilimpa Khatibu karatasi. Aliisoma, akafuta uso kwa mkono wa shati, akaituma.

Tulikaa. Hakuna aliyegusa kipaza wala chai. Ilikuwa imekaribia saa kumi alasiri tuliposikia miguu uani, ya mtu mmoja, mzito, anayekuja polepole bila kubeba kitu. Niliijua miguu ile. Sikujua inaleta nini. Inawezekana mwendo ule ni wa mtu aliyetua mzigo, na inawezekana ni wa mtu aliyenyang'anywa.

"Hodi," akasema Bi Nachia mlangoni.

Niliinuka nikaangusha kiti. "Karibu," nikasema, kabla hajapiga ya pili.